Atanasia wa Tatu

Simu ililia Atanasia Cebrecos akimenya vitunguu saumu vya supu, na kwa kuwa asubuhi hakupigiwa na mtu ila vijana wa kuuza umeme wa bei nafuu, aliipokea akiwa amejiandaa kukataa. Kumbe ni Mireya, mjukuu wake wa pekee, anapiga kutoka Valladolid.

"Bibi, umekaa?"

"Nimesimama. Kuna nini?"

"Kaa kwanza."

"Mireya, nina kisu mkononi. Sema."

"Ni msichana. Na jina tumeshapata. Mimi na Rubén tumeamua aitwe Atanasia."

Upande wa bibi kukawa kimya. Mireya alidhani kimya kile ni machozi ya furaha, akasubiri kwa adabu yapite.

"Hapana," Atanasia akasema.

"Hapana nini, Bibi?"

"Msimwite hivyo. Ngoja, supu inaungua."

Akakata simu. Supu ilikuwa haijabandikwa.

Fuentelobo, kijiji cha Atanasia katika milima ya misonobari ya Burgos, si mahali ambapo mtu hushtuka kwa kusikia jina la Atanasia. Karibu kila mtu pale ni Cebrecos, na asiye Cebrecos kwa baba ni Cebrecos kwa mama. Enzi za mababu, barua ya Juan Cebrecos ikifika posta ilisomwa na akina Juan Cebrecos wote kabla haijamfikia mwenyewe, ambaye hapo akawa mtu wa mwisho kijijini kujua kwamba mchumba wake kamwacha. Jeshi nalo likija kuchukua vijana lilimchukua Pedro Cebrecos asiye wake. Basi watu wakakimbilia kalenda ya watakatifu. Si wale wakubwa wenye makanisa yao, bali wale walioandikwa chini kwa herufi ndogo. Mtoto akizaliwa, padri alifungua kitabu kwenye siku ile, akawaruka wenye majina, akamchagua ambaye huenda hata mbinguni huulizwa yeye ni nani. Ndivyo walivyopatikana Sindulfo, Walfrido, Onesífora na Burgundófora. Hakuna aliyecheka, kwa sababu hakukuwa na aliyekuwa na haki ya kuanza.

Atanasia wa kwanza alizaliwa katikati ya Agosti, siku ya Mtakatifu Atanasia, kwa hiyo jina lilikuwa lake kwa halali. Padri Crescencio, ambaye alikuwa na Kigiriki kidogo na hakuwa na pa kukitumia, aliwaeleza wazazi pale kwenye maji ya ubatizo kwamba maana yake ni asiyekufa. Mama, Eutropia, aliyekuwa na mikono iliyochubuka kwa kubeba vyungu vya utomvu wa misonobari, alilipenda neno hilo kuliko yote aliyowahi kuyasikia kanisani. Mtoto akafa kabla hajatimiza mwaka, kwa ugonjwa wa koo.

Mwaka uliofuata Eutropia alijifungua msichana mwingine, mwezi wa Novemba, siku isiyohusiana kabisa na Atanasia yeyote. Akataka jina lile lile. Jambo hilo halikumshangaza mtu. Fuentelobo jina la mtoto aliyekufa humwangukia anayefuata, kama vile nguo. Naye huyo akafa, kwa homa, akiwa ameanza kutambaa.

Wa tatu alizaliwa Februari, theluji ikiwa imefika madirishani. Padri Crescencio alikuja akiwa na jina zuri la siku ile, Eulalia, na inasemekana alimshauri mama alichukue, hata kwa ajili ya kubadilisha bahati. Eutropia alimtazama kutoka kitandani.

"Padri, wewe si ulisema hafi?"

"Nilisema roho, Eutropia. Nilimaanisha roho."

"Hukusema roho. Ulisema hafi. Basi endelea kuliandika mpaka liseme kweli."

Padri akaandika. Na safari ile, kwa sababu ambazo hakuna aliyezieleza, likasema kweli.

Atanasia wa tatu, huyu wa vitunguu saumu, alilelewa kama chombo cha kuazima. Hakuruhusiwa kukaribia mto. Alivaa flaneli hadi Juni, na wenzake wakipanda misonobari yeye alibaki chini kuwashikia viatu. Watu wote kijijini walifupishwa majina, maana nani ana pumzi ya kumwita Burgundófora mara tatu kwa siku. Lakini Eutropia hakumfupisha binti yake kamwe. Alisimama dirishani akamwita uwanja mzima usikie, "Atanasia," herufi zote, kama anayesoma tangazo la serikali.

Agosti, siku ya mtakatifu wake, watoto wengine walipongezwa asubuhi wakapewa kitu kitamu. Kwake mama alikwenda kwanza makaburini. Aliporudi ndipo alipombusu kwenye paji la uso, na mikono yake ilikuwa na udongo. Na kila tarehe mosi ya Novemba walikwenda huko wote wawili na ndoo na brashi, wakasugua bamba dogo la chuma kwenye pembe ya watoto, karibu na ukuta wa kaskazini ambako jua huchelewa. Mwalimu wa shule alipowapa watoto majina yao wajaribu kuyasoma, alishangaa kwamba huyu mmoja lake tayari analijua. Alikuwa amejifunza kule.

Siku alipolisoma mara ya kwanza, herufi kwa herufi, alimgeukia mama.

"Mama, huyu ni mimi?"

"Siyo wewe. Futa vizuri pembeni."

Hayo ndiyo mazungumzo yote waliyowahi kuwa nayo juu ya jambo hilo.

Alipokuwa msichana mkubwa alikwenda Bilbao kufanya kazi za ndani. Bibi wa nyumba alisikia jina lake, akaomba alirudie, kisha akasema kwamba kwa vile aliyetangulia aliitwa Mari, na mume wake alikuwa mgumu kuzoea mabadiliko, naye ataitwa Mari. Wasichana wengine wa kazi waliona ni dharau. Atanasia aliona ni nafuu. Kuchukua jina la mtu halikuwa jambo geni kwake, na Mari angalau hakuwa amefariki, alikuwa ameolewa.

Baadaye naye akaolewa, akarudi Fuentelobo na Isacio, mgema utomvu mwenye maneno machache, ambaye alimwita Tana na hakuwahi kuuliza kwa nini yeye hufurahi anapofupishwa. Wakapata mtoto mmoja wa kiume. Kalenda ilisema aitwe Sinesio. Atanasia akamwita Javier. Kijiji kizima kilizungumza juu ya jambo hilo kwa muda mrefu. Jina la Javier. Wengine walisema Bilbao imemharibu.

Isacio alikufa kitandani mwake kwa uzee. Javier alihamia mjini Burgos, akafanya kazi kwenye kiwanda cha matairi, akawa anapiga simu Jumapili. Hayo ndiyo maisha ya Atanasia, na mpaka asubuhi ile ya vitunguu saumu alikuwa anaamini kwamba jina litakwenda naye, kimyakimya, na hakuna mtoto mwingine atakayeambiwa alivae.

*

"Kwa hiyo umemnyima mtoto jina," alisema Burgundófora, ambaye dunia nzima ilimwita Fora. Walikuwa uwanjani wanasubiri gari la mkate, kwa kuwa mwokaji wa mwisho wa Fuentelobo alistaafu zamani na oveni yake imegeuzwa chumba cha wageni wasiokuja.

"Sijamnyima. Nimemwepusha."

"Mwenzio nikiletewa mjukuu anaitwa Burgundófora, nitamnunulia nyumba."

"Huna wajukuu, Fora."

"Ndiyo maana nasema kwa ujasiri." Fora alihamisha mfuko wake mtupu wa mkate mkono wa pili. "Mtoto wa watu kaona jina la bibi yake, kalipenda, we unamkatia simu. Una roho ya pasi, we Tana. Inachoma hata nguo ambayo haijakukosea."

"Na wewe una mdomo wa kijiji kizima."

"Lazima niwe nao. Kijiji chenyewe kimebaki na watu wangapi?"

Mireya alikuja mwishoni mwa Oktoba, tumbo limeshatangulia mlangoni, na jambo la kwanza alilofanya baada ya kuwabusu ni kutoa simu yake. Alikuwa msichana wa kizazi cha kuthibitisha.

"Bibi, sikiliza. Nchi nzima akina Atanasia mmebaki wachache mno, na wengi mmepita miaka themanini. Hakuna mtoto hata mmoja anayepewa. Ni zuri, ni adimu, maana yake asiyekufa. Shule nzima hatakuwepo mwingine. Unajua mimi darasani tulikuwa akina Mireya wangapi?"

"Na mimi nitazamie langu," Fora akasema.

Mireya akaandika, akasubiri. "Halionekani. Majina yakiwa machache sana, serikali haionyeshi."

"Kumbe serikali inanificha." Fora alionekana kuridhika. "Nilikuwa nahisi."

Atanasia hakucheka. Alivaa koti, akachukua ndoo na brashi. "Njoo," alimwambia mjukuu. "Watu hawajajaa bado."

Siku ya Watakatifu Wote makaburi ya Fuentelobo hujaa kuliko kijiji. Watu huja kutoka Bilbao na Madrid na maua ya krisanthemu kwenye buti za magari, na anayetaka kujua ukubwa wa kijiji angefanya vizuri kuhesabu siku ile, mradi ahesabu pande zote mbili za udongo. Lakini siku moja kabla kulikuwa na kunguru tu na hao wawili. Atanasia alipita kaburi la Isacio bila kusimama, akaenda hadi ukuta wa kaskazini. Bamba lilikuwa dogo kuliko sinia. ATANASIA CEBRECOS CEBRECOS, ukoo wa baba na wa mama, na basi. Hakuna tarehe.

Mireya aliinama kadiri tumbo lilivyomruhusu. "Bibi. Umejitengenezea mapema?"

"Mimi nitalala kule na babu yako, nafasi ipo. Huyu ni dada yangu."

"Mlikuwa na jina moja?"

"Jina lilikuwa lake. Mimi nimelikuta. Na kabla yangu kuna mwingine aliyelikuta. Wamo wawili humo."

"Wawili? Kwa bamba moja?"

"Wa kwanza alipokufa walimtengenezea. Wa pili alipokufa hawakuona haja. Jina lilikuwa lile lile." Atanasia alichovya brashi kwenye ndoo. "Na mimi nilipokuwa mdogo, nikiumwa tu kichwa, nilikuwa najua kwamba hata bamba la wa tatu hawatalihitaji."

Mireya alijishika tumbo kwa mikono miwili.

"Mama alinipenda, usije ukafikiri vingine. Lakini kila aliponitazama alikuwa anatazama na nyuma yangu, kama mtu anayesubiri wengine waingie. Sitaki mtu amtazame mtoto wako hivyo. Mpe jina ambalo halina mtu chini yake. Lolote. Hata la mchezaji mpira."

"Ni msichana, Bibi."

"Nao wanacheza siku hizi. Nimeona kwenye televisheni."

Mireya alichukua brashi mkononi mwake, akamalizia kusugua mwenyewe. Waliporudi nyumbani alikuwa ameahidi. Wiki iliyofuata alipiga simu: mtoto ataitwa Lía. Alikuwa ameuliza ukoo mzima, upande wake na upande wa Rubén. Hakuna Lía, aliye hai wala aliyekufa.

"Lía," Fora alirudia alipoambiwa. "Hilo ni jina, au mtu kapiga chafya?"

"Ni jina jipya kabisa," Atanasia akasema, na alitembea nalo siku nzima kama mwanamke aliyenunua viatu.

*

Lía alizaliwa Januari, kabla ya wakati wake, mdogo hivi kwamba Rubén aliogopa kumshika. Aliishi wiki chache katika hospitali ya Valladolid, ndani ya sanduku la kioo. Atanasia alikuwa anajiandaa kwenda kumwona barabara zikishasafishwa theluji. Kisha Javier akapiga simu siku ya kazi, na mama yake akajua kabla hajasikia neno.

Mireya alitaka azikwe Fuentelobo, karibu na Isacio. Rubén alibeba jeneza jeupe mikononi mwake kutoka kwenye gari, akikataa kusaidiwa; wala halikuwa la kusaidiwa. Padri kijana wa vijiji kumi na viwili alisoma haraka kwa sababu ya baridi. Fora alimshika Atanasia kiwiko tangu mwanzo hadi mwisho na hakutamka lolote, jambo ambalo liliwatisha watu kuliko kengele.

Majira yale ya baridi Atanasia alikaa jikoni akigeuza jambo moja. Kama angekubali jina lake lipewe mtoto, leo angesema jina ndilo lililoua, na angejilaumu, na lawama ni kitu ambacho mtu anaweza kukaa nacho. Lakini alilikataa. Alimwondolea mtoto jina lile kama mtu anayeondoa jiwe njiani, na njia imefanya ilivyotaka. Hakukuwa na wa kulaumu. Jina halikuwa na kosa, halikuwahi kuwa nalo, na yeye ameliogopa tangu utotoni bure.

Mireya hakuja Pasaka. Siku ya Watakatifu Wote alikuja Rubén peke yake, akasimama mbele ya msalaba wa mbao wenye kadi iliyovishwa plastiki, akarudi mjini siku hiyo hiyo.

Mwaka uliofuata, mwezi wa Mei, Mireya akaja. Alikuwa mjamzito tena, na alikaa mezani bila kuvua koti. Atanasia alimpakulia supu, akaweka yai ndani kama anavyopenda.

"Ni msichana," Mireya akasema. "Safari hii madaktari wanasema kila kitu kiko sawa."

"Kula, mama."

"Ataitwa Lía."

Atanasia alidhani hajasikia vizuri. Kisha akaona kwamba amesikia.

"Lía ni yule."

"Najua Lía ni yule, Bibi. Nilimzaa mimi."

"Mimi nilikupeleka pale ukutani. Nilikuonyesha. Ukaniahidi."

"Nilikuahidi, na nilikutii. Siku ile nilikuonea huruma wewe." Mireya alikuwa anageuza kijiko bila kula. "Sasa namwonea huruma mama yako."

Atanasia alikaa. Kwa miaka yote aliyoishi hapakuwa na mtu aliyewahi kusema hivyo, na yeye mwenyewe akiwa wa kwanza kati ya wasiosema.

"Hawalitaji jina lake, Bibi. Baba anasema 'lile jambo'. Kazini wanasema 'yaliyokupata'. Rubén hasemi kabisa, akikaribia neno anatoka nje kuvuta sigara, na alishaacha sigara. Ikipita wiki sijamsikia mtu anasema Lía, naingia bafuni nafunga mlango nasema mwenyewe. Huyu nikimpa, nitalisema kila siku. Nitalisema kwa sauti, mbele ya watu, na hakuna atakayeinamisha macho. Lía, vaa viatu. Lía, njoo ule. Nitalipiga kelele dirishani."

Atanasia alikuwa amemwona mwanamke huyo dirishani. Alikuwa ameitwa naye, herufi zote, uwanja mzima ukisikia, na muda wote huo alidhani ni woga. Hakuwahi kufikiri kwamba mama alikuwa anajipa nafasi ya kutamka. Kwamba alikuwa anawaita wote watatu, na mmoja alikuwa anaitika.

"Mpe langu," akasema. Sauti yake ilitoka kavu. "Mpe Atanasia. Lina wawili chini, sawa, lakini lina mmoja juu, na amezeeka. Lía mwachie mwenyewe."

"Ulilikataa, Bibi."

"Sasa silikatai."

Mireya alitikisa kichwa polepole. Hakuwa na hasira. "Si hilo ninalotaka kuita."

Yakawa yamekwisha. Atanasia alijua sura ile ya mtu ambaye hatabadilika; alilelewa na sura ile. Aliinuka, akamwaga supu iliyopoa, akapakua nyingine. Angeweza kulia, kugombana, kumpigia Javier. Alifikiria yote hayo akiwa amempa mjukuu mgongo. Alipogeuka aliuliza kitu kingine.

"Alikuwaje?"

"Nani?"

"Lía. Mimi nilimwona akiwa ameshafungiwa jenezani. Alikuwaje?"

Mireya alimtazama kana kwamba ameulizwa kwa lugha aliyokuwa ameanza kuisahau. Akavua koti.

"Alikuwa na nywele," akasema. "Bibi, nywele nyingi, nyeusi, hata kofia haikukaa. Manesi walikuja kutoka wodi nyingine kuziangalia. Na hakupenda mwanga. Wakiwasha taa anakunja uso hivi, kama babu akisomewa bei za sokoni. Na alipiga chafya. Mara mbili mbili, kila mara. Mimi nilidhani anaumwa, nesi akaniambia hapana, ni tabia yake tu."

"Tabia yake."

"Ndiyo. Alikuwa na tabia."

Alizungumza mpaka supu ya pili nayo ikapoa. Alicheka mahali fulani, akalia mahali pengine, na pengine akafanya vyote. Atanasia alisikiliza akiwa amekunja mikono kwenye aproni, na kadiri alivyosikiliza ndivyo jambo jingine lilivyomjia taratibu, kama maji yanayoingia chini ya mlango. Yeye hajui lolote juu ya wale wawili. Nani alikuwa na nywele, nani alilia sana, nani alicheka mapema. Hakuuliza. Mama hakusema, na yeye alifikiri kutouliza ndiyo heshima. Sasa Eutropia amekufa, Padri Crescencio amekufa, na aliyewahi kuwaona wale watoto hayupo tena juu ya ardhi.

"Mwite," akasema mwishowe. "Mwite Lía, mimi sitasema tena. Lakini yule wa kule usimwekee jina peke yake. Mwandikie alivyokuwa. Huyu anayekuja siku moja atajua kusoma, na atakapofika pale asome habari za mtu mwingine."

*

Mabamba ya makaburi siku hizi hutengenezwa na Walfrido, ambaye kazi yake hasa ni madirisha ya alumini. Alisoma karatasi ya Mireya, akaigeuza kuona kama nyuma kuna zaidi.

"'Lía. Alikuwa na nywele nyeusi nyingi, hakupenda mwanga, alipiga chafya mara mbili mbili.' Ndiyo yote?"

"Ndiyo yote," Atanasia akasema.

"Watu huandika jina na mwaka. Ukoo je?"

"Cebrecos kwa mama. Nani hajui?"

"Na maneno kama 'hatutakusahau'? Ninayo tayari, yamekatwa."

"Hapana, Walfrido. Hayo ni ya kila mtu."

Fora alikwenda kulisoma lilipofungwa, miwani puani, na alikaa mbele yake kwa muda. "Lina habari kuliko gazeti," akasema, na akajifuta pua, akidai ni vumbi.

Walfrido alikuwa amebakiwa na kipande cha alumini. Alimfuata Atanasia hadi ukuta wa kaskazini akiwa nacho mkononi. Hakuwa mtu wa kutupa vitu.

"Na hawa wako, Tana? Nikuongezee maneno chini ya lile la zamani. Sitakutoza. Niambie tu niandike nini."

Atanasia alisimama mbele ya bamba ambalo amelisugua tangu hajui kusoma. Alijitahidi. Alitafuta neno moja ambalo mama alilidondosha akifua, akikamua mbuzi, akiwa na homa mwishoni, alipokuwa anaropoka; kitu chochote, rangi, sauti, upande waliokuwa wakilalia. Walfrido alisubiri, akatazama saa, akasubiri tena, kwa kuwa hakuwa mtu mbaya.

"Acha," Atanasia akasema. "Sina la kuandika."

Lía wa pili alizaliwa Septemba, kwa wakati wake, mzito, mwenye sauti. Mireya na Rubén walimleta Fuentelobo kwa siku ya Watakatifu Wote, na mama yake alimtoa kwenye gari akimwita jina mbele ya watu wote waliokuwa uwanjani, na hakuna aliyeinamisha macho. Fora alivuta blanketi kidogo.

"Huyu hana hata unywele mmoja," akatangaza. "Kichwa kama yai."

Ilikuwa kweli. Atanasia alikitazama kichwa kile kwa muda mrefu, akanyoosha mikono apewe.

Mireya aliingia makaburini na maua, Rubén akafuata na ndoo, na safari hii alikuwa anasema kitu. Watu walimpisha Atanasia langoni, maana tangu arudi kutoka Bilbao hajawahi kukosa siku ile. Lakini alibaki nje na mtoto. Akamwambia Fora asugue yeye lile la ukutani. Fora alichukua brashi, akaenda.

Kutoka ndani ilisikika sauti ya Mireya akizungumza na kaburi, na jina likapita juu ya ukuta. Mtoto akageuza kichwa kuifuata sauti ya mama yake. Atanasia alimwacha asikilize kidogo. Kisha akamtengeneza kofia, ambayo ilikaa vizuri, akateremka naye hadi barabarani, mahali palipokuwa na jua.